Bwana yuko Kolwezi, mbwa yuko juu ya ukuta

Yaya,

Salamu kwako, dada yetu mkubwa, na kwa wote wanaokusoma. Nakuomba usicheke kabla ya kufika mwisho. Wenzangu hukuandikia juu ya mabwana wanaolala nje. Kwangu mimi, anayelala nje ni mbwa.

Tunakaa Bel-Air, hapa Lubumbashi. Lupangu yetu, yaani kiwanja chetu chenye ukuta, imepakana na ya familia moja ambayo tumeishi nayo vizuri tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Maji ya bomba yakikatika, tunachota kwao kwa sababu wana foraji, kisima cha kuchimbwa chenye pampu. Umeme ukiwa upande wetu wa avenue peke yake, watoto wao hujaa sebuleni kwangu kuangalia televisheni, na friji yangu hujaa nyama na samaki wa mama yao. Hatukuwahi kuhesabiana.

Bwana wangu anafanya kazi Kolwezi, mgodini. Anakaa huko majuma mengi, anarudi siku chache, anaondoka tena. Kwa kuwa usiku anatuacha na zamu mmoja, mlinzi mzee anayelala kabla yetu, alinunua mbwa. Aliuziwa kama berje wa Kijerumani (German Shepherd), safi kabisa. Bei sitaitaja maana mama mkwe wangu pia anasoma hapa. Sikio moja limesimama, la pili halijaamua hadi leo. Alimpa jina Cheminot, yaani mfanyakazi wa reli, kwa sababu yeye ni shabiki wa timu ya mpira ya Lupopo damu damu, na washabiki wa Lupopo ni watu wa reli. Jirani ni Mazembe, timu pinzani, damu damu. Ana jike anayeitwa Bijou, berje wa kweli mwenye karatasi, aliyeletwa kutoka Afrika Kusini. Bijou ni mkali kiasi kwamba mtu wa faktura ya umeme hupiga simu kwanza kabla ya kugonga mlango wao. Nadhani umeshaona hadithi inakoelekea.

Usiku wa tarehe 30 Juni watu walikuwa wanasherehekea Uhuru. Muziki kila kona, vijana wa avenue wanapiga fataki hadi madirisha yanatetemeka. Cheminot akakata kamba, akaruka ukuta. Asubuhi zamu wa jirani alimkuta amejikunja pembeni ya banda la Bijou kama bwana harusi aliyechoka. Haikuwa mara yake ya kwanza kuruka, lakini siku hiyo alionekana na watu. Halafu tarehe 1 Agosti, siku kuu ya wazazi, Bijou akazaa watoto saba. Wazazi kweli!

Papa jirani alikuja na simu mkononi kunionyesha picha. Wawili ni weusi tititi, mmoja ana doa jeupe kifuani, na wote saba masikio yamelala chini. "Mama," akaniambia, "haya masikio ni ya nani?" Yeye alikuwa ameshapanga kumpandisha Bijou kwa dume wa rafiki yake, mwenye karatasi, na watu wawili walikuwa wametanguliza pesa za watoto. Sasa anasema bwana wangu amlipe hasara, au tumkastre Cheminot, yaani tumhasi, yaishe. Tangu siku hiyo, kila mara watoto wangu wanapokwenda na mabidoni, pampu imeharibika. Wakirudi tu, naisikia inanguruma.

Nilimpigia bwana simu. Alinyamaza kwanza, kisha akasema: "Hakuna mtu atakayekata mwanaume katika lupangu yangu." Akaongeza kwamba huo ni mpango wa Mazembe. Wenzake kambini wamemwambia mbwa aliyehasiwa ananenepa, analala mchana na usiku, na mwizi akija anamkaribisha kwa mkia. Mama mkwe naye amesema nyumba inayokata mbegu hukauka, na binti yetu mkubwa anaolewa Desemba, kwa hiyo nisilete mambo hayo sasa.

Ndugu yangu mdogo anasomea udaktari wa wanyama hapa chuo kikuu, amebakiza kidogo kumaliza. Anasema ni kazi ndogo, mwalimu wake anaweza kuifanya asubuhi moja, na bwana harudi kabla ya katikati ya Septemba. Manyoya yatafunika. "Kwani shemeji huwa anaangalia huko?" Yaya, nimeshawishika. Pesa za likelemba, mchango wetu wa kupokezana, nimeziweka pembeni. Bwana akiuliza, nitasema mbwa aliugua akapelekwa kwa veterineri, ambayo si uongo kamili.

Lakini usingizi sipati. Sijawahi kumficha bwana wangu jambo la namna hii. Na Cheminot naye namwonea huruma, kwa kuwa kila ninapozungumza na ndugu yangu kwenye simu anakuja kuweka kichwa kwenye mapaja yangu. Nimhasi kimyakimya nipate amani na majirani, au nimwache nikose maji?

Mama wa Bel-Air, Lubumbashi

*

Mdogo wangu,

Umeniomba nisicheke mpaka mwisho wa barua. Nilishindwa pale kwenye sikio ambalo halijaamua. Lakini nimeisoma tena, polepole, nikiwa na kalenda mkononi, na sasa hivi utajua kwa nini kalenda.

Kama nimekuelewa, swali lako ni moja lakini limebeba watu watatu. Kuna jirani aliyeumia mfukoni, na hasira yake imefika hadi kwenye pampu. Kuna bwana aliye mbali, ambaye anaona kile alichowaachia kiwalinde kinataka kupunguzwa. Na kuna ndugu yako na kisu chake. Kisu hicho kila mtu ameshakipa kazi: kwa jirani kilete haki, kwa ndugu yako kiwe somo la vitendo, kwako wewe kilete maji. Ni kazi nyingi kwa kisu kidogo hivyo.

Tuanze na kalenda. Mimba ya mbwa ni karibu siku 63. Inaweza kupungua au kuzidi siku chache, lakini haiwi mwezi mmoja. Kutoka tarehe 30 Juni hadi tarehe 1 Agosti ni siku 32. Hesabu mwenyewe. Kama watoto wa Bijou walizaliwa wakiwa wamekomaa, na wewe unasema wako saba bila kutaja aliyekufa, basi mimba iliingia karibu na mwisho wa Mei. Usiku ule wa Uhuru Bijou alikuwa tayari na mimba ya mwezi mzima, na jike mwenye mimba hayuko kwenye joto. Hamwiti dume yeyote.

Sasa Cheminot alifuata nini kule? Wewe mwenyewe umeniandikia, pengine bila kutambua: fataki hadi madirisha yanatetemeka. Mbwa wengi, hata wale wakubwa wenye sura ya kutisha, huogopa milipuko kuliko wanavyoogopa mwizi. Hukata kamba, huvunja mlango, hukimbilia mahali penye mwenzao. Inawezekana kabisa kwamba mtuhumiwa wetu hakuwa bwana harusi. Alikuwa anatetemeka, akaenda kulala karibu na mtu mkali zaidi katika avenue nzima.

Simtetei moja kwa moja. Umesema haikuwa mara yake ya kwanza kuruka. Basi rudisha akili mwisho wa Mei: alikuwa amefungwa? Zamu alimwona akirudi asubuhi? Bwana alikuwa nyumbani? Kama aliruka siku hizo, jirani ana hoja, hata kama ushahidi wake ni wa usiku mwingine. Na kuna jambo lingine ambalo watu wengi hawalijui: jike akipandwa na madume wawili au watatu katika siku zake, anaweza kuzaa watoto wa baba tofauti katika uzazi mmoja. Marekani, kwa uzazi wa namna hiyo, wenye mbwa wa karatasi hupima vinasaba vya kila mtoto kabla ya kumwandikisha. Huko Bel-Air nadhani madume wenye miguu mirefu hawakosekani.

Masikio tuyaache kabisa. Watoto wote wa berje huzaliwa masikio yamelala, na huchukua miezi kadhaa kusimama. Weusi tititi nao wamo katika ukoo wa berje tangu zamani, na doa dogo jeupe kifuani hutokea hata kwa watoto wa mama na baba wenye karatasi. Picha aliyokuonyesha papa jirani haimshtaki mtu yeyote. Lakini nakuomba, usiende kumwambia hayo ukiwa umebeba bidoni. Mtu aliyekwisha kupokea pesa za watoto ambao hawezi tena kuwauza kwa bei ile ana aibu kubwa kuliko hasira yake. Pengine bwana wako angemwendea, akirudi, wanaume wawili na kalenda moja. Au wewe na mke wake, ambaye barua yako haisemi anaionaje kesi hii. Yeye anafikiri nini? Samaki wake bado wamo kwenye friji yako?

Twende kwenye kisu chenyewe. Ndugu yako hakudanganya: kumhasi dume ni moja ya kazi za kwanza anazofundishwa daktari wa wanyama, na mji wetu una kitivo chake, si lazima kuvuka mpaka kwenda Zambia. Lakini "kazi ndogo" bado ni dawa ya usingizi, ni mshono, ni siku 10 hadi 14 za kumzuia asijilambe na asiruke. Huyu huyu Cheminot, asiruke! Tena, dume akishahasiwa anaweza kubaki na mbegu kwa majuma kadhaa. Kuna watu waliotoka kwa veterineri wakijua yameisha, mbwa akapita kwa jirani kuaga.

Je, angeacha kuruka ukuta? Hapa nakuuliza kwa upole, kwa sababu naona umeshalichukua hilo kama jambo la hakika. Dume anayetoka kwa ajili ya majike, mara nyingi hutulia akihasiwa: hatembei sana, hakojolei kila kona, hapigani sana na madume wenzake. Wengi hubadilika, wengine hawabadiliki, hasa kama tabia imekuwa mazoea ya miaka. Lakini mbwa anayeruka kwa woga wa mlipuko, kisu hakimponyi. Kuna wanaozidi kuwa waoga. Ukimhasi leo, ikifika Mwaka Mpya fataki zikaanza, unaweza kumkuta tena pembeni ya banda lile lile, na jirani akakuuliza kama veterineri alikata kweli.

Umri wake hukuutaja, nao una uzito. Watafiti wa California wamefuatilia berje wa Kijerumani na kuona kwamba waliohasiwa kabla ya kufikisha mwaka mmoja walipata shida za viungo, magoti na nyonga, zaidi ya wale walioachwa. Kama Cheminot bado kijana, kusubiri si woga.

Sasa bwana wako. Ukisoma maneno yake haraka unaona kiburi cha mwanaume, na kiburi kipo, tusifichane. Lakini mtu anayelala kilomita mia tatu kutoka kwa mke na watoto wake, akisikia habari za majambazi, kitu anachokiwaza usiku ni mlango. Hofu yake ni kwamba mlinzi ataharibika. Hofu hiyo inastahili jibu, na jibu lipo, japo lina pande mbili. Kunenepa ni kweli: mbwa aliyehasiwa hula zaidi na hutumia kidogo, kwa hiyo bukari (ugali) hupunguzwa na matembezi huongezwa. Kulinda ni habari nyingine. Kubwekea mgeni na kusimama mlangoni havikai kwenye korodani. Berje alitengenezwa Ujerumani mwaka 1899 na Max von Stephanitz, afisa mmoja wa jeshi la wapanda farasi, ambaye alichagua madume na majike wenye akili na utii, na majike walifanya kazi sawa na madume. Ulaya na Marekani mbwa wengi wanaoongoza vipofu wamehasiwa, na wanavuka barabara zenye magari mengi kuliko za kwetu. Upande wa pili, kuna wafundishaji wa mbwa wa polisi wanaopenda kuwaacha madume wao wazima, na wana sababu zao. Kwa hiyo wenzake wa kambini hawakusema upuuzi mtupu, wamekuza tu.

Lakini hoja nzuri kuliko zote iko upande wa pili wa ukuta wenu. Mtu wa faktura anapiga simu kwanza kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya Bijou. Na Bijou hana hata kimoja cha hivyo vinavyogombewa.

Ngoja nikusimulie kidogo, ili ujue bwana wako si wa kwanza duniani kuona haya kwa niaba ya mbwa. Mmarekani mmoja wa Missouri, Gregg Miller, aliuza korodani bandia tangu mwaka 1995. Mbwa akihasiwa, veterineri anamwekea zile za bandia, na mwenye mbwa anatembea naye barabarani kichwa juu. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya Ig Nobel ya tiba, ile tuzo ya mambo yanayokuchekesha kwanza na kukufikirisha baadaye. Usimwambie ndugu yako, asije akapata wazo.

Na mama mkwe? Kijijini mbuzi dume huhasiwa ili nyama isinuke, nguruwe vilevile, na nyumba hazikukauka. Unaweza kumkumbusha hivyo, lakini nisingeanza nako. Yeye anaongea juu ya harusi ya Desemba. Anataka binti aingie kwake salama, pasiwe na jambo la kunyooshewa kidole kama chochote kitakwenda vibaya. Mwaka ujao maneno yale yale huenda yasiwe na ukali huo.

Nimefika kwenye kile ambacho nadhani ndicho kinachokukosesha usingizi. Umeandika kwamba utasema mbwa aliugua, "ambayo si uongo kamili". Mtu anayeandika hivyo ameshajibishana na nafsi yake. Nifikirie pamoja nawe, bila kukuhukumu. Tuseme mambo yameenda vizuri. Watoto wanajua, zamu anajua, ndugu yako anajua, na jirani lazima ajue, kwa sababu ndiye unayemfanyia. Katika avenue nzima, asiyejua ni bwana peke yake. Atakaporudi katikati ya Septemba, akakutana na papa jirani kwenye kona, akapongezwa kwa busara yake? Na tuseme mambo yameenda vibaya. Ni nadra, lakini dawa ya usingizi ina siku zake. Utampigia simu Kolwezi kumwambia nini? Shemeji huenda haangalii huko, sawa. Lakini mtu aliyemnunua mbwa kwa bei isiyotajwa humkagua kuanzia meno.

Hapo hapo sitaki ufikiri kwamba neno la bwana limefunga mjadala kwa sababu tu ni la bwana. Nani anampikia Cheminot? Nani anapokea malalamiko, nani anakosa maji? Anayeishi na mbwa ni wewe. Unayo haki ya kusema, "Ukiondoka, matatizo ya mbwa wako yanabaki na mimi, kwa hiyo tukae tuamue." Hiyo ni sauti tofauti na kisu cha kimyakimya, na pia ni tofauti na kunyamaza. Nasikia katika barua kwamba simu ile ilikuwa moja, na ilikatika pale alipotaja Mazembe. Ana kwa ana, na kalenda mezani, huenda ukamkuta mtu mwingine.

Kuna njia za katikati pia, na kila moja ina mwiba wake. Veterineri anaweza kufunga mirija tu na kuacha korodani mahali pake: mbwa hazalishi tena, sura yake haibadiliki, bwana anabaki na mwanaume wake. Lakini hamu inabaki, na kuruka kunaweza kubaki. Kuna dawa iitwayo deslorelini, kijiti kidogo kinachowekwa chini ya ngozi, kinachozima homoni kwa miezi 6 au 12 kulingana na ukubwa wake, kisha nguvu hurudi. Inampa bwana nafasi ya kuona kama mbwa bado anabweka kabla ya kukubali jambo lisilorudi nyuma. Majuma ya mwanzo, hata hivyo, dume huweza kuchangamka zaidi kabla ya kutulia, na baadaye korodani hunywea, hivyo hiyo nayo haifichiki. Muulize ndugu yako kama mwalimu wake anaweza kuipata, na kwa bei gani.

Njia isiyo na daktari ni ukuta. Tofali chache juu, au chumba kilichofungwa usiku wa sherehe, muziki wa redio ukiwashwa kufunika fataki, na kamba ya kweli badala ya ile aliyoikata. Gharama yake unaweza kuipendekeza kwa jirani mgawane, maana yeye pia ana sehemu. Jike huingia kwenye joto takriban mara mbili kwa mwaka, karibu majuma matatu kila mara, na mwenye jike wa thamani ndiye anayepaswa kumfungia siku hizo. Hata Cheminot akihasiwa, harufu ya Bijou itavuka malupangu mengi, na madume wengine wa Bel-Air hawajasoma barua yako. Papa jirani anataka kuendelea kumzalisha, kwa hiyo kumfunga uzazi hatakubali sasa. Siku akiamua Bijou amezaa vya kutosha, aijue faida yake: majike wasiofungwa uzazi, wakizeeka, hupata sana ugonjwa wa usaha kwenye mfuko wa uzazi, na huo huua.

Ni kama mbwa maarufu wa nchi yetu hafai kabisa kwa kesi hii. Namaanisha yule wa misitu ya Kongo ambaye Wazungu wanamwita Basenji, na jina hilo tulipite. Mwaka 1895 wawili walionyeshwa London, wakafa kwa ugonjwa muda mfupi baadaye, na uzao wake haukushika Uingereza hadi miaka ya 1930. Jike wake huingia kwenye joto kwa kawaida mara moja tu kwa mwaka, jambo ambalo lingempunguzia papa jirani nusu ya presha. Lakini habweki. Hutoa sauti kama ya mtu anayejifunza kuimba. Mwizi angeingia, angesikiliza, angetoka na friji.

Chochote utakachoamua na bwana wako, kuna jambo moja ambalo halimgusi Lupopo wala Mazembe. Mbwa anayelala nje hukutana na mbwa wengine. Hukusema kama Cheminot amechanjwa kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, wakiwemo watoto wengi, na karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikishaanza, mtu haponi. Ndugu yako akija na mkoba wake kesho, aje kwanza na chanjo, kwa ajili ya Cheminot, na amwombe jirani ruhusa ya kumchanja Bijou pia na watoto wake wakifika umri. Mtoto wako akiumwa na mbwa yeyote, oshea jeraha maji na sabuni kwa dakika 15 kabla ya kufikiri jambo lingine, kisha hospitali mara moja.

Kuhusu wale saba: wasitenganishwe na mama yao kabla ya majuma 8, hata kama wanunuzi wanapiga simu. Baada ya hapo, ukitaka kumpunguzia papa jirani mzigo, unaweza kumtafutia watu wa kuwachukua wale asioweza kuwauza. Wewe una likelemba, unawajua watu. Pesa ulizoweka pembeni zinaweza pia kusubiri hadi katikati ya Septemba, hazitaoza.

Na ukikumbuka Cheminot alikuwa wapi mwisho wa Mei, niandikie, maana sasa na mimi nataka kujua baba ni nani.

Yaya wako